MIB-1 au SP6? Kuchagua kingamwili ya Ki-67 kulingana na sampuli uliyo nayo

Ki-67 ni protini iliyomo ndani ya kiini cha seli inayozaliana, na MIB-1 na SP6 ni kloni mbili, yaani aina mbili za kingamwili zinazoishika ili ionekane. Kama kazi yako ni vipande vya tishu ya binadamu vilivyohifadhiwa kwa formalini na kuzamishwa kwenye nta, na namba utakayoipata itawekwa mezani pamoja na namba za tafiti za saratani ya matiti zilizochapishwa tangu miaka ya 1990, chukua MIB-1. Kama tishu ni ya panya, chukua SP6. Kama unapima seli zinazoelea kwenye mashine ya flo saitometria, inayosoma seli mojamoja kwa mwanga, hizo mbili zisikushughulishe sana, maana huko kuna kloni nyingine zilizozoeleka.

Hilo ndilo jibu fupi. Sababu zake zina faida zaidi, kwa kuwa sampuli nyingi haziingii sawasawa kwenye mafungu hayo matatu. Na kwa sisi tunaofanya kazi Afrika Mashariki, chupa ya kingamwili inaagizwa kutoka Ulaya au Marekani, inasafiri kwenye barafu na inasubiri kibali bandarini au uwanja wa ndege. Ukikosea kloni, unapoteza fedha za ruzuku na unapoteza msimu mzima wa kazi ya mwanafunzi.

Kinachopimwa hasa

Ki-67 ilijulikana kwanza kupitia kingamwili, kabla protini yenyewe haijafahamika. Johannes Gerdes na wenzake huko Kiel, Ujerumani, waliwachanja panya kwa viini vya seli za limfoma ya Hodgkin, na mwaka 1983 wakachapisha habari za kingamwili iliyoshika viini vya seli zinazozaliana na kuziacha zilizotulia. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba alama hiyo ipo katika awamu za mzunguko wa seli za G1, S, G2 na M, na haipo kwa seli zilizopumzika, yaani G0. Mpangilio mzima wa protini ulisomwa mwaka 1993. Ni protini kubwa mno yenye maumbo mawili makuu, moja la kilodalton 320 hivi na jingine 359.

Kazi yake ilichelewa kueleweka. Mwaka 2016 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba wakati wa mitosisi, yaani seli inapogawanyika, Ki-67 hufunika uso wa kromosomu na kuzizuia zisigandamane. Mwaka huohuo kundi jingine lilionyesha kwamba seli zisizo na Ki-67 bado hugawanyika, na panya waliokosa protini hiyo huzaliwa na kuishi. Kwa hiyo Ki-67 inakuambia kwamba seli iko kazini, lakini siyo inayoisukuma ifanye kazi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mapendekezo mengi ya utafiti huandika kinyume chake, na mhakiki makini hatalivumilia.

Kuna jambo jingine linalogusa moja kwa moja uchaguzi wa kingamwili. Ki-67 haiwaki na kuzima kama taa. Hubomolewa haraka, kiasi kwamba ndani ya saa moja hadi moja na nusu nusu yake imeshapotea. Kiwango chake hupanda kadiri seli inavyosogea kuelekea mgawanyiko, na hushuka taratibu seli inapotoka kwenye mzunguko. Maana yake, katika kipande kimoja cha tishu utakuta viini vyeusi tii, viini vya hudhurungi, na viini vyenye kivuli tu cha rangi. Kingamwili yenye nguvu zaidi itavitoa nje vile vya kivuli na asilimia itapanda. Kingamwili dhaifu itaviacha na asilimia itashuka, ingawa tishu ni ileile. Tofauti za kloni tunazozijadili hapa zinatokea zaidi kwenye viini hivyo vya pembezoni kuliko kwenye viini vyenye rangi kali.

MIB-1: iliyowekewa vipimo

Kingamwili ya kwanza ya Kiel ilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba ilifanya kazi kwenye tishu iliyogandishwa kwa baridi tu. Formalini ikishapita haikuona kitu. Kwa hospitali ambako kila biopsi inaishia kwenye nta, haikuwa na msaada. Mwaka 1992 ilitangazwa MIB-1, iliyopatikana kwa kuchanja panya na vipande vya protini vilivyotengenezwa ndani ya bakteria. Ilionyeshwa kwamba ukichemsha vipande vya nta kwenye maikrowevu, alama inarudi. MIB-1 inashika sehemu inayojirudia mara kadhaa ndani ya protini. Maabara za patholojia zikaipokea, na sehemu kubwa ya maandiko kuhusu Ki-67 na saratani imesimama juu yake.

Nguvu yake kuu iko hapo. Kikundi cha kimataifa kinachoshughulikia Ki-67 katika saratani ya matiti kilitoa mapendekezo yake mwaka 2011 na kuyapitia upya mwaka 2021. Mapitio hayo yalifikia kwamba, kwa uvimbe wa hatua za mwanzo wenye vipokezi vya homoni na usio na protini ya HER2, asilimia 5 au chini, na asilimia 30 au zaidi, ndizo zinazoweza kutegemewa katika kukadiria mwenendo wa ugonjwa. Katikati hapo maabara hazikubaliani vya kutosha. Marekani nayo iliidhinisha mwaka 2021 kipimo maalumu cha MIB-1 kwa ajili ya kuchagua wagonjwa wa dawa ya saratani ya matiti iitwayo abemaciclib, mpaka ukiwa asilimia 20, kisha mwaka 2023 sharti hilo la Ki-67 likaondolewa. Ukitaka kuzungumza lugha moja na mipaka ya aina hiyo, kloni yako inatakiwa iwe ileile, au uwe na ushahidi kwamba yako inatoa namba zinazolingana nayo.

Kwa upande wa wanyama, MIB-1 hutumika pia kwenye tishu ya mbwa, jambo la kukumbukwa na wenzetu wa tiba ya mifugo. Lakini kwa panya wa maabara haifai. Haishiki Ki-67 ya panya inavyotakiwa kwenye vipande vya nta, na hata ingeishika, yenyewe ni kingamwili ya panya. Kingamwili ya pili, ile inayoleta rangi, unayoiweka kuifuata itashika pia kingamwili za asili zilizomo ndani ya tishu ya panya, na slaidi nzima itachafuka.

Iko pia tabia moja ya pekee ambayo mtu wa tezi anapaswa kuijua. Katika uvimbe mmoja wa tezi ya shingo (thairoidi), ule wa trabekula wenye hayalini, MIB-1 hupaka utando wa seli badala ya kiini, hasa upakaji unapofanywa kwa joto la kawaida la chumba. Kloni nyingine za Ki-67 hazifanyi hivyo. Wanapatholojia wameigeuza tabia hiyo kuwa msaada wa utambuzi. Hapa ukibadilisha MIB-1 kwa SP6 ukidhani ni kitu kilekile, unapoteza alama uliyokuwa unaitafuta.

SP6: ya sungura, inayovuka mipaka ya spishi

SP6 ni monokloni ya sungura, yaani kingamwili ya aina moja tu inayotoka kwenye kloni moja ya seli. Kwa mtafiti wa panya, wadogo na wakubwa, inatatua mambo mawili kwa mpigo: inaiona Ki-67 yao kwenye vipande vya nta, na kwa kuwa imetoka kwa sungura, kingamwili ya pili haina sababu ya kugusa kingamwili za asili za panya. Mandhari ya slaidi hubaki safi. Usafi huo una thamani hata kwenye tishu ya binadamu, hasa ukihesabu kwa programu ya kompyuta, maana programu haina busara ya mwanapatholojia. Ikiona vumbi la hudhurungi, italihesabu.

Monokloni za sungura kwa kawaida hushika antijeni, yaani kile kinacholengwa, kwa nguvu kubwa kuliko za panya. Hiyo ni faida tishu ikiwa imeteseka, na kwetu tishu huteseka mara nyingi. Biopsi inayosafiri kwa basi kutoka mkoani ndani ya chupa ya formalini haihesabu saa. Kiwango kinachokubalika kwa vipokezi vya homoni, na ambacho Ki-67 hufuata, ni saa 6 hadi 72 ndani ya formalini iliyowekewa bafa. Tishu iliyokaa humo wiki nzima itahitaji kuchemshwa kwa uangalifu zaidi, na SP6 hukupa nafasi kubwa kidogo ya kuona kitu. Hata hivyo haiponyi tishu iliyooza kabla ya kufika kwenye formalini. Hiyo hakuna kingamwili inayoiponya.

Gharama ya nguvu hiyo ni kwamba vile viini vya kivuli vinaweza kuingia kwenye hesabu. Tafiti zilizolinganisha SP6 na MIB-1 kwenye saratani ya matiti ziliona kwamba zinakwenda pamoja vizuri, na SP6 ikakubalika kama mbadala. Lakini kwenda pamoja siyo kutoa namba ileile. Wagonjwa wenye asilimia kubwa watabaki juu kwa kloni zote mbili. Wale walio karibu na mpaka ndio wanaoweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kampuni kadhaa sasa huuza SP6 iliyotengenezwa kwa jeni iliyopandikizwa, bila kutegemea hibridoma, seli za zamani za kutengenezea kingamwili. Ukiipata kwa bei inayokaribiana na ile ya kawaida, ichukue. Mpangilio wake umeandikwa, kwa hiyo chupa ya mwakani inatarajiwa kufanana na ya leo. Kingamwili za mseto za sungura, zile za polikloni, zilipendwa sana kwa sababu zinaonyesha rangi kali, lakini kila bechi inatoka kwenye damu ya mnyama mwingine. Kwa utafiti wa miaka mitatu au minne sizishauri.

Uvimbe wa binadamu ndani ya panya

Hapa kanuni ya spishi inageuka. Ukipandikiza seli za saratani ya binadamu kwenye panya, uvimbe unaokua una seli za aina mbili: za saratani, ambazo ni za binadamu, na za mishipa na nyuzi zinazouzunguka, ambazo ni za panya. SP6 itapaka zote zinazozaliana, bila kubagua. MIB-1 itakuachia za binadamu peke yake. Udhaifu uliotufanya tuikatae kwa tishu ya panya unakuwa ndiyo sababu ya kuitafuta.

Tatizo la kingamwili za asili za panya bado lipo, kwa hiyo tumia MIB-1 iliyounganishwa moja kwa moja na kimulimuli (rangi inayong'aa) au kimeng'enya, au vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kupaka kingamwili ya panya juu ya tishu ya panya. Njia ya pili ni SP6 pamoja na alama nyingine inayoonyesha viini vya binadamu, rangi mbili kwenye slaidi moja. Ni kazi ndefu zaidi, lakini inakupa pia habari za seli za panya, na kwa anayesoma mishipa ya damu ya uvimbe habari hiyo ni ya kufa na kupona.

Slaidi ya kulinganishia

Kloni yoyote utakayoichagua, utaijua kwa tonsili. Chukua tonsili ya binadamu iliyokatwa na kuhifadhiwa vizuri, uiweke kwenye kila awamu ya upakaji. Ukiitazama chini ya darubini, vituo vya kuzalia limfosaiti vinatakiwa kuwaka, upande mmoja ukiwa na msongamano mkubwa wa viini vya hudhurungi na mwingine ukiwa na vichache. Kwenye epithelia ya juu, safu iliyo karibu na msingi inatakiwa kuwa na viini vyenye rangi, na kadiri unavyopanda kuelekea juu rangi ikome kabisa. Tafuta seli zilizo katikati ya mitosisi. Ndani yake rangi inafuata umbo la kromosomu, nzito na yenye kingo wazi. Seli iliyo kwenye mitosisi na isiyo na rangi ni dalili kwamba upakaji umeshindwa, hata kama viini vingine vinapendeza.

Ukiona saitoplazimu ya hudhurungi kila mahali, umeweka kingamwili nyingi au hukuzuia peroksidasi ya asili, kimeng'enya cha tishu yenyewe kinachozalisha rangi. Ukiona vituo vya kuzalia vina rangi lakini ile safu ya karibu na msingi wa epithelia imepotea, umezimua mno au hukuchemsha vya kutosha. Anza na uwiano wa kuzimua wa 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400, kwenye bafa ya sitrati ya pH 6 na kwenye Tris-EDTA ya pH 9, kwa sufuria ya presha au kwa maikrowevu, na uchague mchanganyiko unaotoa picha niliyoieleza. Usichukue uwiano ulioandikwa kwenye makala ya mtu mwingine ukauona ni wako. Maji yake, moto wake na kingamwili yake ya pili siyo vyako.

Kipande cha limfoma ya Burkitt, kama maabara yako inacho, ni cha kuongezea. Ugonjwa huu ulielezwa na Denis Burkitt akiwa Kampala, mwaka 1958, na kwa Ki-67 unatoa karibu asilimia 100. Ukiipaka Burkitt ukapata nusu, usisome sampuli nyingine yoyote ya siku hiyo.

Vipande vilivyokwisha kukatwa visikae kwenye joto la chumba zaidi ya wiki mbili kabla ya kupakwa, kwa sababu antijeni hufifia. Na katika kuhesabu, kiini chenye rangi yoyote ya hudhurungi ni chanya, iwe kali au hafifu. Hesabu seli 1,000 ukiweza, na usishuke chini ya 500.

Western bloti na flo saitometria

Western bloti ya Ki-67, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli na kuzihamishia kwenye utando, ni ngumu, na mara nyingi lawama huangukia kingamwili isiyo na hatia. Protini ya kilodalton zaidi ya 300 haipiti kwenye jeli ya kawaida ya asilimia 10. Inakwama juu, karibu na visima, na uhamishaji wa saa moja hauifikishi kwenye utando. Tumia jeli nyepesi ya Tris-asetati, asilimia 3 hadi 8, na uhamishe kwa maji usiku kucha kwenye baridi. Kabla ya kununua, dai kutoka kwa muuzaji picha ya bloti yenye mistari miwili ya juu, siyo mstari mmoja mahali pengine. Kingamwili nzuri ya slaidi siyo lazima iwe nzuri ya bloti. Na kama unachunguza protini uliyoikata vipande, uliza kwa maandishi kingamwili inashika sehemu ipi, usije ukaikata sehemu hiyohiyo.

Kwa flo saitometria ya seli za binadamu, kloni B56 iliyounganishwa na kimulimuli imezoeleka. Kwa panya, SolA15, ambayo ni ya panya mkubwa na inaiona pia Ki-67 ya binadamu. Iambatanishe na rangi ya DNA kama DAPI, maana Ki-67 pekee haitenganishi G1 na G2, na DNA pekee haitenganishi G0 na G1. Zikiwa pamoja zinakupa mzunguko mzima.

Ipo pia kloni 30-9, ya sungura, inayouzwa tayari kutumika kwa mashine za upakaji za Ventana. Kama hospitali yenu ina mashine hizo, mjadala umekwisha, tumieni hiyo. Ila jueni kwamba hupaka kwa nguvu, na mipaka ya MIB-1 isihamishwe juu yake bila kupimwa.

Pengine huhitaji Ki-67

Swali likiwa ni seli ngapi zinagawanyika sasa hivi, Ki-67 itakupa jibu kubwa mno, kwa kuwa inahesabu kila iliyo ndani ya mzunguko. Histoni H3 yenye fosfeti kwenye serini ya 10 inaonyesha zile zilizo kwenye mitosisi na ukingoni mwake tu. Mtu anayejaribu dawa ya kuzuia Aurora B asisahau kwamba kimeng'enya hicho ndicho kinachoiweka fosfeti hiyo, kwa hiyo alama inaweza kupotea bila mitosisi kusimama. PCNA, alama nyingine ya kuzaliana, naiweka nyuma ya zote mbili. Hukaa muda mrefu ndani ya seli na hushiriki pia katika kukarabati DNA, na hivyo seli iliyojeruhiwa inaweza kuonekana kama inayozaliana.

Ununuzi, na siku ya kubadilisha kloni

Maabara yenye sampuli chache kwa mwezi inafaidika na chupa ya kingamwili iliyokolea, isiyozimuliwa, kuliko ile ya tayari kutumika, mradi igawanywe kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipia, kwa sababu chupa iliyobakiza miezi mitatu ikitoka kiwandani inaweza kukufikia ikiwa na mmoja. Kingamwili nyingi za aina hii hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika usiku friji iwe na kipimajoto kinachoweka kumbukumbu. Azidi ya sodiamu iliyomo kuzuia bakteria huidhoofisha peroksidasi, kwa hiyo usiiongeze kwenye bafa unayotumia na kingamwili ya pili yenye kimeng'enya hicho.

Ukilazimika kuhama kutoka MIB-1 kwenda SP6 katikati ya mradi, tafuta bloku zako za zamani zenye matokeo ya chini, ya kati na ya juu, nyingi zaidi zikiwa zile za karibu na mpaka unaoutumia. Kata vipande viwili vinavyofuatana kutoka kila bloku, paka kimoja kwa kila kloni siku moja, na mhesabuji asijue kipi ni kipi. Tazama ni wagonjwa wangapi wamevuka mpaka, siyo mstari wa uwiano peke yake. Wakiwa wengi, maliza mradi na MIB-1, na SP6 ianze na mradi unaofuata. Katika sehemu ya mbinu andika jina la kloni, kampuni, namba ya bechi, namba ya RRID (kitambulisho cha kimataifa cha kingamwili), uwiano wa kuzimua, bafa na pH yake, muda wa kuchemsha, na saa ambazo tishu ilikaa kwenye formalini, kwa kila kloni peke yake.